Mama Kengele, Mwamuzi wa Majibu

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kuja kumsindikiza mama yetu. Mimi ni binti yake mkubwa, na baba ameniomba niwasomee habari za maisha yake. Amenionya nisitie chumvi, kwa sababu marehemu hakuivumilia hata kidogo.

Mama alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi saa na mshonaji wa sare za shule. Walikaa vyumba viwili, na cherehani ya bibi ndiyo iliyopewa nafasi ya dirishani. Mama mdogo, aliyemfuata kuzaliwa na ambaye yupo nasi hapa, husema marehemu alianza kuchosha watu kwa maswali kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Akiwa darasa la tano alimwambia mwalimu wa jiografia kwamba mto aliouchora ubaoni unapanda mlima. Darasa zima likaangua kicheko, naye akatolewa nje. Baada ya muda mwalimu alimfuata kwenye ngazi na kumwambia, "Rudi ndani. Mto nimeugeuza." Mama alimtaja mwalimu huyo kwa heshima maisha yake yote. Alimaliza sekondari mwaka 1970, akasomea ukutubi, na kupata stashahada yake Desemba 1973.

Januari 1974 aliajiriwa maktaba ya umma, dawati la maulizo, ghorofa ya kwanza. Simu ya pale ilikuwa haipoi. Vinyozi, madereva, wauguzi waliokuwa zamu, wote walimpigia wakiwa katikati ya ubishi: "Mama, tuamulie, hapa tunakaribia kutoana macho." Naye alikuwa akiwaambia wasikate simu, akaenda kwenye rafu, akarudi na kitabu.

Ndipo mtayarishaji mmoja wa televisheni alipomfuata mwaka 1983. Alitaka kuanzisha mchezo wa maswali na majibu, lakini hakuwa na kanuni hata moja. Mama aliziandika kwa mkono, kurasa nne, na kipindi cha kwanza kikaruka Jumamosi, tarehe 4 Juni 1983. Washiriki walikuwa watatu. Katika raundi ya kwanza kila mmoja aliulizwa maswali matano, sekunde kumi kwa kila swali, na aliyekosa hakupunguziwa kitu. Raundi ya pili ilikuwa ya vitufe: anayewahi ndiye anayejibu, akipata anaongezewa pointi tatu, akikosa ananyang'anywa moja. Ukibonyeza swali halijaisha, msomaji ananyamaza, na unajibu kwa hicho ulichosikia. Katika raundi ya mwisho mshiriki alitaja pointi anazoziweka rehani kabla ya kusikia swali. Pia kila mshiriki alikuwa na haki ya kupinga uamuzi mara moja, ilimradi anyooshe mkono kabla ya kengele ya mwisho.

Kengele hiyo ilikuwa mikononi mwa mama. Alikaa nje ya macho ya kamera, na watazamaji walimjua kwa mlio tu. Ndivyo alivyopata jina la Mama Kengele.

Nyuma ya kanuni hizo palikuwa na nyingine ambazo watazamaji hawakuzisikia. Swali lazima liwe na jibu moja. Jibu lazima lithibitishwe na vitabu viwili. Ndugu wa mtumishi yeyote wa kipindi haruhusiwi kushiriki, wakiwemo wakwe na mashemeji. Hiyo ya mashemeji iliwahi kutuletea mtafaruku nyumbani. Baba mdogo alifaulu usaili kwa alama za juu kabisa, mama akalikata jina lake. Baba mdogo alisusa kuja kwetu miezi minane. Aliporudi alisimama mlangoni na kusema, "Shemeji, nimekuja kula, sikuja kusamehe." Mama akampakulia. Leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Baba alikuwa fundi wa taa studioni. Mama alilalamika kwamba mwanga wa juu unamfanya asione maandishi, basi baba akamwekea taa ndogo mezani, na kila Jumamosi akawa na sababu ya kuja kuirekebisha. Siku moja alimuuliza, "Hii taa nikiiondoa, utaikumbuka yenyewe au utanikumbuka mimi?" Mama hakuinua kichwa. "Swali lako lina majibu mawili," alisema. "Kaliandike upya." Baba aliliandika upya, kwenye karatasi, akalileta wiki iliyofuata. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1985, wakajaliwa watoto wawili: mimi, na mdogo wangu wa kiume.

Sasa nieleze jambo ambalo mama mwenyewe aliagiza lisiachwe.

Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1997, ilikuwa fainali ya mwaka. Miongoni mwa washiriki alikuwapo dada mmoja mfuaji wa mashuka hospitalini, na mwingine alikuwa mwalimu wa hesabu. Swali la mwisho la dada huyu lilikuwa: ni sayari ipi yenye joto kali kuliko zote? Alijibu, "Zuhura." Mama akapiga kengele ya kukosa, na mtangazaji akasoma jibu la kwenye kadi: Zebaki. Dada mfuaji aliinamisha kichwa. Hakunyoosha mkono. Kombe likaenda kwa mwalimu.

Jumatatu asubuhi mama alikuwa wa kwanza kufika maktaba. Ukweli ni kwamba swali lile liliongezwa dakika za mwisho, mtayarishaji akiwa anamharakisha, na mama alilithibitisha kwa kitabu kimoja tu, tena cha zamani. Vitabu vipya vitatu vilisema Zuhura. Kanuni aliyoiandika mwenyewe ndiyo aliyoivunja.

Alikwenda moja kwa moja kwa mtayarishaji.

"Yule dada alikuwa sahihi," alimwambia. "Nataka niseme hewani."

"Mama, watu wameshasahau."

"Mimi sijasahau. Na yeye hajasahau."

"Tukisema tumekosea mara moja, kila wiki watatupinga."

"Basi nisiposema, mtatafuta mtu mwingine wa kupiga kengele."

Alasiri ile ile alikwenda hospitalini, akaelekezwa chumba cha kufulia, nyuma ya jengo. Alimkuta dada yule kati ya mashine mbili, mikono imelowa hadi viwiko. Mama alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kwa sauti kubwa kwa sababu ya kelele za mashine. Kisha akamuuliza kwa nini hakunyoosha mkono.

"Nilisoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni," dada alijibu. "Wewe umesoma vitabu. Nikajiambia, huyu hawezi kukosea."

Baba anasema mama aliporudi nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake, akalia. Hakuumizwa na kosa lenyewe kama alivyoumizwa na yale maneno.

Tarehe 29 Novemba alitoka nyuma ya meza yake kwa mara ya kwanza, akasimama mbele ya kamera na vitabu vitatu mkononi. "Mimi ndiye ninayepiga kengele," alisema. "Jumamosi iliyopita niliipiga vibaya. Jibu la dada huyu lilikuwa sahihi, na mimi sikulithibitisha inavyotakiwa. Namwomba radhi mbele yenu." Mwalimu wa hesabu, kwa hiari yake, alilirudisha kombe mezani, na raundi ya mwisho ikachezwa upya.

Dada mfuaji alishindwa kwa pointi mbili. Mama alikuwa ameingiwa na huzuni, lakini dada alikuja mezani kwake akicheka. "Leo nimeshindwa mwenyewe," alimwambia. "Mbona naenda kulala vizuri!" Tangu siku hiyo wakawa kama ndugu wa tumbo moja, na sisi watoto tukamwita mama mkubwa.

Mama aliendelea na kazi hiyo hadi kipindi kilipofungwa mwaka 2009, na alistaafu maktaba mwaka 2011. Jumapili, tarehe 6 Februari 2022, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakawa magumu kupatikana. Alijua anachotaka kusema, lakini neno lilimkwepa. Kwa mtu kama yeye, hilo lilimchoma kuliko maumivu ya mwili.

Mama mkubwa alikuja kila Alhamisi kwa miaka miwili na zaidi. Alikaa pembeni ya kitanda na kumuuliza maswali: jina la kikombe, jina la dirisha, jina la mume wako. Hakuhesabu sekunde. Kuna siku neno moja lilichukua nusu saa, naye alisubiri huku anakunja nguo zetu. Sisi tulipotaka kumsaidia mama, alitukemea: "Mwacheni, analo!" Na mara nyingi alikuwa nalo.

Mama alifariki nyumbani, Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, saa nne asubuhi. Baba alikuwa amemshika mkono. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina lake, lote, bila kukwama. Hakusema tena.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, ambao mdogo wao kabisa ana miezi mitatu, ndugu wanne, mashemeji, akiwemo baba mdogo aliyekuja kula, na dada yake, mfuaji wa mashuka mstaafu, ambaye mama aliagiza aandikwe kwenye orodha hii pamoja na ndugu wa damu.

Mama, umefanya kazi yako na tumeiona. Lala salama, upumzike kwa amani.