Dirisha la Malalamiko na Wodi Namba Nne

Waombolezaji wenzangu, anayebisha kwamba mtu aliyekosa maji siku tisa, aliyefika ofisini na ndoo tupu akiwa amejipanga kuivunjia mezani, aliweza kurudi nyumbani anacheka na bado hana maji, ajitokeze sasa abishe, kwa sababu aliyekuwa akimchekesha ni shangazi yangu, na ndiye tuliyekuja kumzika. Mimi ni mtoto wa kaka yake, mnaniita Bingwa, na ukoo wenye wasomi watano umenichagua mimi niliyeishia kidato cha pili niwasomee wasifu wake, wao wanasema nina sauti, mimi nasema nina na sura pia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya soko, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989, na hakuwahi kurudia darasa, tofauti na wengine tunaowafahamu, walio karibu sana na kipaza sauti. Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa ukarani katika ofisi ya maji, na mwaka 2001 akahamishiwa dirisha la malalamiko, ambako kwa miaka ishirini na moja, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, alitukanwa kwa mabomba ambayo hakuyatoboa yeye. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na fundi bomba wa ofisi hiyo hiyo, yaani mume anaziba, mke anapokea lawama kwamba hapajazibika, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2008 wakaniongeza mimi, nikiwa na miaka tisa na mdomo huu huu.

Mwaka 2016 presha ilimpanda, akawa akirudi nyumbani anaifukia simu kwenye ndoo ya mchele asiisikie ikilia, anakula amesimama, anamfokea mumewe kwa kufunga mlango. Daktari alimpa vidonge, akamwambia pia atafute jambo la kufanya ambalo si kazi, ndipo muuguzi mkuu wa wodi namba nne ya hospitali yetu hapa, wodi ya akina mama wanaolazwa muda mrefu, akamwomba aje awasuke wagonjwa. Alianza Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, saa nane mchana, na mfuko wenye vitana vitatu na chupa ya mafuta. Nilimcheka, nikamwambia mtu anasumbuliwa siku tano kwa mshahara, halafu anakwenda kuitafuta ya sita bure, naye akanijibu, "We mwana, dirishani wote wananikabili, kule nakaa nyuma ya vichwa vyao, na mtu aliyekupa kisogo hakutukani, anakusimulia." Mwaka haukuisha, presha ilishuka, simu ikatoka kwenye mchele, na dirishani akawa anawaambia wakali, endelea mzee wangu, toa yote, mimi kazi yangu ni kufumua.

Kwa kuwa miguu yake ilikuwa ikivimba, mimi ndiye niliyempeleka kwa pikipiki kila Jumamosi, na wa wodini walinipigia mimi, maana simu yake alikuwa akiizima kila Ijumaa jioni.

Februari 2022 huduma yake wodini ilikoma, presha ikarudi, tarehe 17 Juni akalazwa hospitali ya rufaa, na tarehe 21 Juni 2022, saa tano asubuhi, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji, na ninyi wauguzi wa wodi namba nne, mliokuja na sare zenu.

Karatasi imebakiza mstari mmoja, wa kumtakia mapumziko mema, nami siwezi kuusoma, kwa sababu pale juu nimesema huduma yake ilikoma, kana kwamba ilikoma yenyewe. Ligi ya mtaa ilihamishiwa Jumamosi saa nane, mimi ndiye mshambuliaji, basi tarehe 12 Februari nikamwambia Shangazi kwamba wodi imepata wasukaji wengine, asijisumbue tena, kisha nikampigia muuguzi mkuu nikamwambia Shangazi amewachoka. Ninyi mkadhani amewatupa, yeye akadhani mmemtupa, akaona haya hata kwenda kuuliza. Daktari anasema presha ile ilikuwa ya siku nyingi, lakini sitaki kujificha nyuma ya daktari. Miezi minne, kila Jumamosi nikifunga kamba za viatu vya mpira, aliniuliza swali moja tu, nilimsuka nani vibaya, Bingwa, nilimuumiza nani, nami nikasema sijui, nikatoka kwenda kucheza. Nilifunga mabao kumi na moja, na mtaa mzima mliyasikia kutoka kwangu.

Hukumuumiza mtu, Shangazi. Walinipigia mara nne, wakiuliza kama uchovu wako umekwisha, na utarudi lini. Sasa umejua, pumzika.