Mikono ya Bi Shino Kuramitsu, 1911–2024

Marehemu Shino Kuramitsu alizaliwa tarehe 9 Machi 1911 katika kijiji cha Kamiiso, mkoa wa Oita, mtoto wa tatu wa mzee Yasaku Hamada na Bi Mitsu. Alizaliwa njiti, na mkunga hakumtarajia kufika Aprili. Alifika, akaendelea.

Alisoma miaka sita katika shule ya kijiji, mingi akiwa na mdogo wake mgongoni. Mtoto akilia, alitoka nje kumbembeleza huku akifuatilia somo dirishani. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi za hariri, akabaki huko hadi alipoolewa.

Tarehe 18 Novemba 1934 alifunga ndoa na Tamotsu Kuramitsu, fundi wa mapipa. Mama yake alimpa mtungi wa pumba za mpunga zilizochachuka kwa chumvi, wa kutengenezea achari. Mtungi wa namna hiyo hauna likizo. Hugeuzwa kila siku kwa mkono mtupu, la sivyo unaoza, na harufu yake haitoki mikononi. Tamotsu aliipenda.

"Mama Kinue," alikuwa akimtania, "hata taa zizimike nchi nzima, sikupotezi. Pua itanileta."

Mwaka 1943 Tamotsu aliitwa jeshini. Mwaka 1945 lililetwa sanduku jeupe la kurudishia mifupa yake, ndani mna jiwe tu. Bi Shino alilizika jiwe hilo kwa heshima zote, akarudi jikoni kugeuza mtungi. Aliwalea watoto wawili kwa kulima mpunga na kuuza achari nyumba kwa nyumba. Aliyewahi kupita mlangoni kwake bila kuonjeshwa na anyooshe mkono.

Alipotimiza miaka sabini na saba alipiga picha ya kuwekwa kwenye mazishi yake. Alipofika mia aliitazama akauliza, "Huyu msichana ni nani?" Akapiga nyingine. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

"Baba yako aliniacha na miaka thelathini na miwili," alimwambia bintiye Kinue. "Kwa uso huu atanijuaje?"

"Si alisema pua itamleta?"

"Basi mtungi usife."

Juni mwaka huu alianguka, akavunjika nyonga, akalazwa. Wauguzi walimfuta mikono kwa spiriti kila mara. Baada ya wiki alinusa viganja vyake, akalia. "Nanuka hospitali, Kinue. Baba yako atanipita njiani."

Kinue ana miaka themanini na tisa na magoti mabovu. Alipokuwa shule aliionea aibu harufu ile hata akatembea hatua kumi mbele ya mama yake. Tangu siku mama yake alipolia, alipanda basi kila asubuhi na kikopo cha pumba mkobani.

"Bibi, hiyo ni nini?" muuguzi alimuuliza.

"Mafuta ya mikono."

"Mbona yana tango?"

"Ndiyo mazuri hayo."

Bi Shino alifariki tarehe 14 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka 113, mikono yake ndani ya mikono ya bintiye. Wakati wa kumwosha, Kinue aliomba jambo moja tu: mikono isiguswe.

Mwanawe Iwao alimtangulia mwaka 2011. Bi Shino ameacha binti mmoja, wajukuu wanne, vitukuu tisa, vilembwe watatu, na mtungi, ambao Kinue ameugeuza leo kabla ya kuja hapa. Majivu yake yatawekwa kando ya jiwe lile.

Apumzike kwa amani, na Tamotsu afuate pua.