Hakuifunga Mvua: Maisha ya Bernadina Mayala

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wajomba na shangazi zetu, majirani wa Mwanhembo na ninyi nyote mliotoka Tinde, Isaka na Geita kuja kutushika mkono, tumsifu Yesu Kristo, na wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni Vumilia, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, nami nitaisoma yote, pamoja na yale ambayo baadhi ya wazee walinishauri jana niyaruke.

Mama yetu Bernadina Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa hapa Mwanhembo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mayala, mkulima wa pamba na mwindaji wa ndege ambaye wengi wenu mnamkumbuka. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1969, na kwa kuwa kaka zake walikuwa wamekwenda Mwanza kutafuta kazi, yeye ndiye aliyekuwa akishinda na baba yake kandokando ya lambo la maji, akifundishwa kulenga, na kabla ya kulenga akifundishwa kutazama mbingu.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa kanisani na baba yetu, Donatus Mwigulu, kijana wa Ushirombo aliyekuja huku kwa ajili ya biashara ya pamba akampenda binti mwenye bunduki, na aliposhauriwa na wenzake amkataze mke wake kwenda lamboni alijibu kwamba nyama anayokula hajawahi kuiuliza imeletwa na nani. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1976, Deusdedit mwaka 1980, na Noela mwaka 1985. Baba alifanya kazi ya kupakia mizigo Isaka hadi alipofariki tarehe 11 Septemba 2003, na kaburi lake ni hili mnaloliona pembeni ya kaburi tulilochimba leo.

Mwaka 1981 macho ya babu yalififia, mama akachukua nafasi yake kwa kibali cha bunduki na leseni ya kuwindia ndege, na kwa miaka yote iliyofuata hakuwahi kuwinda nje ya msimu. Kazi hiyo aliifanya kwa kufuata hali ya hewa, siku ya jua na utulivu alibaki shambani, kwa sababu bata siku hiyo huruka juu sana na humuona mtu kutoka mbali, lakini siku ya upepo na wingu zito alitoka, kwa kuwa bata hushuka chini wakiupinga upepo, naye alijificha kwenye matete akiwa ameupa upepo mgongo, wakaja wenyewe mbele yake. Nyama aliikausha kwa moshi, akaipeleka Isaka kwa madereva wa malori na Geita kwa wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakitoka kwenye maduara, mashimo yao ya machimbo, na njaa zao, sisi watatu tukasoma kwa moshi huo, na macho yake yakawa mekundu kwa moshi huo huo.

Sasa nafika pale nilipoambiwa niparuke.

Mwishoni mwa mwaka 2021 mvua ilichelewa, malambo ya jirani yakakauka yakabaki tope lililopasuka, ng'ombe wakaanza kufa, na maji yakabaki kwenye lambo la Mwanhembo peke yake. Bata wa eneo lote wakahamia hapo, wale wanaopiga mluzi, wale wakubwa wenye nundu juu ya mdomo, na hata wale wadogo wanaokuja kutoka nchi za baridi mwaka unapokaribia kwisha, na mama akawa anarudi nyumbani na mzigo kila alipotoka. Watu wakaona kwamba kila nyumba inalia isipokuwa ya yule mjane mwenye macho mekundu, wakaanza kusema ameifunga mvua ili apate bata.

Ukaitishwa mkutano, na Bwana Mageni, ambaye namwona amekaa pale na simtaji kwa siri, alisimama akasema, "Mama Vumilia, kijiji kinakuomba uhame kwa amani, kabla vijana hawajakasirika."

Mama alisimama, akamwamkia mwenyekiti, kisha akasema, "Mageni, bata anafuata maji kama ng'ombe wako anavyoyafuata. Maji yamebaki hapa, bata wamekuja hapa, na ng'ombe wako pia yuko hapa. Mbona yeye humwiti mchawi?" Watu wengine wakacheka, na mama hakucheka, akaendelea, "Mwaka wa mvua nzuri bata wanatawanyika kwenye majaruba ya mpunga na mbuga zote, mimi narudi mikono mitupu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza nimelala na nini. Siondoki."

Wiki hiyo jiko lake la kukaushia nyama lilichomwa moto, na aliyelichoma hajajulikana hadi leo. Deusdedit alikuja na gari kutoka Geita, akapakia vitanda na vyombo, akamwambia, "Mayu, mama yangu, twende, hawa watakuua," naye mama akavishusha vyombo kimoja kimoja kwa mikono yake, akasema, "Nikiondoka watasema waliyoyasema ni kweli, na ninyi mtakuwa watoto wa mchawi mpaka mnakufa. Nisaidie kusimamisha nguzo za jiko." Kaka yangu alilia, halafu akachukua jembe akachimba mashimo ya nguzo.

Jiko likasimama, na kuanzia siku hiyo hadi alipougua, kila Jumapili mama alipita njia ile ya katikati ya kijiji kwenda kanisani, ingawa iko ya pembeni iliyo fupi zaidi, akimsalimia kila aliyekutana naye, na asiyeitika alisalimiwa tena Jumapili iliyofuata.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua nzuri ikaja, ikanyesha hadi barabara ya Tinde ikakatika, mpunga ukajaa majaruba, na bata wakasambaa kila mahali, kiasi kwamba mama aliambulia wachache mno. Alifurahi kuliko sisi sote, akalima mpunga wake, lakini nasema mbele yenu, waliomlaumu kwa ukame hawakuja hata mmoja kumshukuru kwa mvua.

Katikati ya mwaka 2024 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapelekwa hospitali ya Kolandoto, ambako madaktari walituambia moyo wake umetanuka, akatibiwa, akarudi, akapelekwa tena, na asubuhi ya tarehe 6 Februari 2025 alifariki akiwa ameshikwa mkono na Noela. Nimesikia, hata hapa msibani, minong'ono kwamba dawa zake zimemgeukia. Hakuwa na dawa isipokuwa za hospitali. Amekufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka sabini, kama wanavyokufa mama zenu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kolandoto waliomwita mama kwa jina lake, jumuiya ndogo ndogo na Baba Paroko, madereva wa Isaka na wachimbaji wa Geita waliochanga bila kuombwa, na majirani, hasa Mama Apolonia, aliyeleta maji ya kuzima moto siku ile wakati wengine walikuwa wamejifungia ndani. Waliokuja leo kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule tunawapokea pia, chakula kipo, karibuni mle.

Wapo waliotutumia ujumbe kwamba ingefaa marehemu azikwe Ushirombo, kwa ukoo wa mume wake, ili kijiji kitulie. Mama amezaliwa Mwanhembo, amewinda Mwanhembo, ametukanwa Mwanhembo, na anazikwa Mwanhembo, mchana, mbele ya kila mtu, na sisi watoto wake tutakuja kupalilia kaburi hili kila mwaka, mvua ikinyesha au isiponyesha.

Bernadina binti Mayala, mama yetu, ulisema huondoki na hujaondoka, pumzika kwa amani katika ardhi yako.