Fundi Gélase Kashindi, Aliyevuka Mlango wa Kibenga

Padri wetu, wazee wa ukoo mliovuka mpaka kuja kutusindikiza, majirani wa Mutanga Nord, na ninyi mafundi mliofunga karakana leo: poleni, na asanteni. Mimi ni Rosette, dada mdogo wa marehemu, wa mwisho kwa mama. Maneno haya nimeyaandika mwenyewe. Espoir, mtoto wake wa kwanza, aliyasoma jana akataka kuondoa aya kadhaa, akisema mazishi si mahali pa kuchekesha watu. Nimezirudisha. Kaka yangu amekufa na ninalia kama ninyi, lakini pia nimeshusha pumzi, na sitaki kuficha hilo mbele yenu.

Marehemu Gélase Kashindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kalundu, Uvira, mtoto wa pili kati ya saba wa baba Télesphore, karani wa bandari, na mama Albertine. Alitanguliza miguu. Mama alikuwa akisema mkunga alihangaika asubuhi nzima kumgeuza, na mtoto akakataa. Waliomfahamu hawatashangaa.

Alisoma shule ya msingi hapo Kalundu kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Hesabu za kuandika zilimshinda kabisa. Kisha akaingia katika karakana ya wamisionari, ambako mwalimu wa useremala alimpa ubao mmoja na randa, akamwambia aupige mpaka uwe laini. Aliupiga mwezi mzima. Alipotoka pale mwaka 1972 hakuhitaji tena kipimo kujua unene wa mbao. Aliupima kwa kidole gumba, na hakukosea. Tabia hiyo ilimganda. Akija kukusalimu, mkono mmoja anakupa wewe, mwingine tayari unapapasa meza yako.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Pascaline, binti wa Uvira, mwanamke mpole aliyejua kumnyamazia. Mungu aliwapa watoto wawili, Espoir mwaka 1986 na Carmen mwaka 1989. Vita ilipoingia Uvira mwezi wa kumi 1996, walivuka kuingia Burundi kupitia Gatumba. Pascaline alibeba sufuria na nguo. Gélase alifunga randa zake katika kitenge akazibeba mgongoni, na Carmen, aliyekuwa na miaka saba, alitembea kwa miguu. Pascaline hakuacha kumkumbusha jambo hilo mpaka alipofariki tarehe 2 Juni 2011.

Hapa Bujumbura alijenga kibanda cha mabati Mutanga Nord, akawa fundi wa milango. Ninyi wengi mnalala nyuma ya milango yake. Sifa yake kubwa ilikuwa ule urembo wa pembeni, zile mbao nyembamba zinazozunguka fremu na kufunika ufa kati yake na ukuta. Mafundi wa hapa wanaziita kwa Kifaransa couvre-joint, na wengi wanazipigilia tu misumari. Marehemu alizichonga. Alikuwa na nakshi ya kamba, nakshi ya majani, na ile ya mawimbi waliyoipenda watu wa Ruziba. Akipita mbele ya nyumba aliyoifanyia kazi, aliutazama mlango kwanza, mwenye nyumba baadaye.

Sasa nafika kwenye aya ambazo Espoir hakuzipenda.

Carmen aliolewa na Fabrice mwaka 2013, na marehemu aliibariki ndoa ile kwa moyo wote. Miaka mitatu baadaye walianza kujenga nyumba Kibenga, mtaa ulio karibu na ziwa. Marehemu hakusema kitu, lakini alinunua mbao za libuyu, akazipanga ndani ya kibanda zikauke polepole, akangoja kuitwa kutengeneza milango. Kuta zikapanda. Paa likawekwa. Hakuna aliyemwita. Desemba 2017, siku ya kuingia nyumba, alivaa suti yake ya kahawia akaenda na zawadi. Alipofika barazani akaona mlango wa chuma wa dukani, na kupitia dirishani akaona ya ndani, ya kiwandani yote, iliyokuja katika kontena. Akaweka zawadi chini. Akasema mbele ya wazee na wageni, "Mulango huu sivuki, na chakula ya ndani mule sikuli."

Mnajua kwetu maneno kama hayo yana uzito gani. Katika ukoo wetu, mzazi akimkatalia mtoto chakula namna hiyo, kisha akafa kabla hajala kwake, mtoto hatupi udongo kaburini. Anasimama nyuma pamoja na wageni. Nilimwona shangazi yetu akisimama nyuma hivyo kwenye mazishi ya baba yake, na mpaka anazeeka hakuwahi kulizungumzia. Niliogopa Carmen asije akawa yeye.

Carmen alimuuliza, "Baba, nimekosa nini?" Akamjibu, "Unajua." Hakujua, maskini. Mimi nilijua, maana aliniambia, nikamsihi awaeleze watoto kwamba aliumia kwa kutoitwa. Akasema kazi haiombwi kwa mtoto, na akanikataza kufungua mdomo. Nilitii. Hilo ni kosa langu, nimeliungama, na leo naliungama tena mbele yenu.

Si kwamba aliwachukia. Carmen alikuja kwake kila Jumamosi na alimpokea vizuri. Hata Kibenga alikwenda, ila aliishia uani. Siku ya karamu ya ubatizo wa mjukuu wake Elysée, mtoto wa Carmen, mwaka 2018, mvua kubwa ilitoka ziwani, watu wote wakakimbilia ndani. Marehemu alibaki nje chini ya turubai, peke yake, kiti chake katikati ya dimbwi, akila wali niliomletea kutoka nyumbani kwangu. Fabrice alimpelekea mwavuli. Aliupokea, akasema asante, hakusogea. Tulimtazama dirishani, wengine wakicheka na Carmen akilia jikoni.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, daktari akamkataza kunyanyua mbao. Kwa fundi hiyo ni adhabu. Basi akaanza kazi isiyo na uzito: nyumba ya wanasesere ya Elysée, ile watoto wetu wanaiita nyumba ya poupée. Aliitengeneza kwa vipande vya zile zile mbao za libuyu, ikafika magotini kwangu. Ilikuwa na ngazi, madirisha yanayofunguka, paa la bati lililokatwa kwenye kopo la maziwa, na milango mitano ya ndani. Kufikia mwanzo wa mwaka huu kilibaki kitu kimoja tu, urembo wa kuzunguka ile milango.

Alichonga mifano mitatu, myembamba kama njiti: ya kamba, ya majani, ya mawimbi. Akaipanga mezani, akamwita Elysée achague. Mtoto akaitazama yote mitatu kwa adabu, akasema, "Babu, apana. Milango ya kwetu haiko hivi."

"Iko namna gani basi?"

"Iko na mistari mbili, na ku kona kuko kaua."

Akajaribu kuchonga kwa maelezo hayo, mistari miwili na kiua kidogo kwenye kila pembe. Elysée akakataa. Akajaribu tena, mtoto akakataa tena, maana ukaidi katika familia yetu hauchagui umri. Marehemu akanituma Kibenga na simu. Nikapiga picha kumi na nne. Akazitazama akaniambia, "Picha haina unene." Akanirudisha nikapapase kwa mkono. Nikapapasa, nikaja nikamweleza. Akasema, "We Rosette, mukono yako ni ya kukoroga bugali." Nikamwambia basi aende mwenyewe, au ampe mtoto nyumba isiyokamilika. Nilisema kwa hasira. Siku mbili hakunituma tena, na mimi nikadhani nimeharibu.

Jumamosi tarehe 25 Januari 2025 aliniambia nimwitie teksi. Mfukoni aliweka kipande cha penseli, kisu kidogo, na ile mifano yake mitatu. Tulipofika barazani alisimama mbele ya mlango wa chuma, akivuta pumzi. Carmen alitoka, akabaki na kitambaa cha vyombo mkononi, hajui amkaribishe au amsalimie tu. Marehemu akamwambia, "Mi siingii kama baba. Naingia kama fundi." Akavuka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha mtoto. Nilimletea kiti, akakaa, akaweka kidole gumba juu ya ule urembo, akakishusha taratibu mpaka chini. Haukuwa mti. Yalikuwa maunga ya mbao yaliyoshindiliwa na kufunikwa karatasi, na chini yalikuwa yamefura tangu maji ya ziwa yalipoingia ndani mwaka 2024. Carmen aliona aibu. Akasema, "Baba, weka ile yako ya kamba. Hii ni carton." Fabrice naye alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

Marehemu akamuuliza bila kugeuka, "Fabrice, nilikuwa hapa hapa Bujumbura. Ulikosa kuniona?"

Sasa sikilizeni jibu la mkwe, maana ndilo lililotugharimu miaka saba. "Baba, we ni baba-mukwe yangu. Nitakuambia na kinywa gani ukuje unitokee jasho? Nikulipe, ni matusi. Nisikulipe, ni matusi zaidi. Nilinunua za kiwandani juu ya kukuheshimu."

Marehemu alipapasa tena ule urembo wa mlango kwa kidole. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa heshima."

"Ilikuwa heshima, baba."

"Na mi nikakaa ku mvua."

Nani alianza kucheka sikumbuki. Nadhani alikuwa yeye, maana alikohoa mpaka tukamshika mabega. Carmen alipiga magoti pale pale, akaweka kichwa juu ya mapaja ya baba yake. Akamwambia, "Ungeniambia, baba." Akamjibu, "Na we ungeniita." Mimi nilikwenda jikoni kulia, kisha nikaona sufuria ya bugali iko motoni na samaki mukeke amekaangwa, nikafuta macho, nikapakua. Nilimwekea sahani mapajani bila kumuuliza. Alinitazama, akanawa mikono, akala. Akamaliza samaki, akaomba na Fanta. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akitafuna.

Baada ya chakula Elysée alimuuliza amechagua urembo upi. Carmen alisisitiza ule wa kamba, na Fabrice akaahidi kung'oa milango yote ya nyumba. Marehemu akakataa. Alirudisha mifano yake mfukoni, akasema, "Mutoto amesema anataka ya kwao. Kwao ni hapa." Akatoa penseli, akachora ile mistari miwili na kile kiua kwenye karatasi ya dawa zake. Februari yote na Machi alichonga, mlango mmoja baada ya mwingine, akinung'unika kwamba maisha yake yote hajawahi kuchonga nakshi mbaya namna ile. Ilitoka nzuri. Elysée aliipokea Jumapili ya Pasaka, akafungua milango yote mitano, akaifunga, akasema, "Sasa ni ya kwetu."

Tangu siku ile aliyovuka, alikula Kibenga kila Jumapili. Mwezi wa saba hali ilikuwa mbaya, tukamlaza hospitalini siku tisa. Madaktari walifanya waliloweza, nasi tunawashukuru. Alipoona hakuna kupona aliomba kutoka. Tulidhani atataka kitanda chake Mutanga Nord. Akasema, "Munipeleke kwa Carmen." Alikaa huko siku kumi na tisa, akisogezwa dirishani asubuhi, akiwaonya wageni wasiburute viti. Jumapili tarehe 10 Agosti 2025, saa nane mchana, Carmen alimnywesha uji vijiko vitatu. Cha nne alikikataa kwa mkono, akafumba macho. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Ameacha watoto wawili, Espoir na Carmen. Mkwe mmoja, Fabrice, ambaye aliacha kumwita mkwe akamwita mwanangu. Wajukuu wanne, Elysée akiwa ndiye mwenye kumjibu. Dada mmoja, ambaye ni mimi. Na mafundi kumi na mmoja aliowafunza, wote wanaotembea leo na vidole vyenye makovu. Mbele yake walitangulia wazazi wetu, ndugu zetu watano na Pascaline.

Wazee, najua mmoja wenu aliniuliza asubuhi, kwa upole, Carmen asimame wapi. Nilikuwapo Kibenga. Mimi ndiye niliyempakulia, mimi ndiye niliyeondoa sahani, na haikubaki hata mifupa ya kumpa paka. Kwa desturi mkubwa ndiye anayeanza, lakini Espoir amekubali kumpisha mdogo wake. Gélase, kaka yangu, pumzika sasa kwa Mungu aliyekupatanisha na wako. Watu wa nyuma, mpisheni Carmen apite. Njoo, mwanangu, chukua udongo.