Mzee Torki, Bibi na Tela Lisilorudi Nyuma

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, kampuni yetu ya kuchimba visima ilimuaga Msimamizi wa Usafirishaji, ambaye jina lake liko kwenye faili la ajira na hakuna aliyelitumia tangu lilipoandikwa. Sisi tunamwita Mzee Torki. Mimi ninayeandika haya ni mtunza stoo, na mlango wa stoo unatazamana na banda la magari, kwa hiyo nimemsikiliza mzee kuliko mkewe. Shemeji anisamehe, ingawa nadhani atanishukuru.

Torki, kwa walioajiriwa juzi na ambao bado hawajakamatwa karibu na birika la chai, ni ile nguvu ya injini kuvuta mzigo mzito kutoka pale uliposimama. Si mbio. Mbio, kwa maelezo ya mzee, ni za vijana na wezi. Nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye vipeperushi vya wauza magari ni za kumfurahisha mnunuzi. Mjuzi hutazama torki, tena torki ya chini, injini ikiwa bado inanguruma polepole. Haya alituambia kwenye vikao, kwenye foleni ya benki, na hata hospitalini alipokwenda kumjulia hali mhasibu aliyepasuliwa tumbo na ambaye hakuweza kuinuka akimbie. Siku ya usaili wa dada wa mapokezi alimuuliza kipi bora, farasi au torki. Dada akajibu kwamba yeye amekuja kupokea simu. Mzee akampa alama za juu, kwa kuwa wenzake wote walisema farasi.

Alianza kazi akiwa utingo, akapanda kuwa dereva, kisha msimamizi. Vyeo vilibadilika, gari halikubadilika. Gari lenyewe ni Bibi, pikapu ya dizeli yenye silinda sita, isiyo na kompyuta hata ya kuonyesha saa, ambayo huianza siku kwa moshi unaofukuza mbu mtaa mzima. Bibi amevuta kompresa, ile mashine ya hewa ya kuchimbia, mabomba, matangi ya maji, na mara moja lori lililokuwa limekuja kumvuta yeye.

Miaka minne iliyopita kampuni ilinunua pikapu nyingine, nyeupe, silinda nne, yenye turbo, kioo cha kugusa kwa kidole, na kengele inayolia usipofunga mkanda. Tukaiita Bwana Harusi. Mzee akasema kipya kinyemi ingawa kidonda, akamnunia Mkurugenzi wiki nzima. Mkurugenzi anaikumbuka wiki hiyo kwa furaha.

Ubishi ulipozidi, mzee mwenyewe akaandaa mashindano kwenye kilima cha machimbo ya kokoto. Kompresa moja juu ya tela, njia moja, magari mawili. Bibi alitangulia, akapanda kwa gia ya pili bila haraka wala aibu. Zamu ya Bwana Harusi, gari likalalamika, turbo ikapiga mluzi, na nyuma kukaanza kunuka kitu kinachoungua. Mzee alikuwa amekwisha kumtangaza Bibi mshindi, ndipo Fundi Mkuu alipoinama na kukuta handibreki ya tela imefungwa. Mzee alisema amesahau. Mwamba ngoma huvutia kwake, tunajua, lakini si kwa handibreki. Mashindano yaliporudiwa, Bwana Harusi alipanda huku dereva wake akitafuna karanga, na Bibi akachemsha rejeta katikati ya mlima. Mzee alieleza kwamba Bibi hajashindwa, amepumzika tu, na kwamba sisi hatuna adabu kwa wakubwa.

Haki yake tumpe. Kiangazi cha mwaka uliopita Bwana Harusi aliwasha taa ya njano njiani, kompyuta ikaamua mwendo wa mguu unatosha, na kule mbele watu walikuwa wanatungoja wakiwa na ndoo tupu. Mzee alifika na Bibi, akaifunga kompresa nyuma yake, akaifikisha kazini, kisha akarudi kumkokota Bwana Harusi mpaka nyumbani. Maji yalitoka siku ileile. Hilo ni la kweli na tunamheshimu kwa hilo. Tumelisikia pia mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini anaweza kulisimulia lote, tena akilisimulia yeye huwa fupi.

Sasa lile jambo lenyewe, ambalo kwa miaka yote hii tulilisema akiwa amegeuka tu. Bingwa huyu wa kuvuta tela hajui kulirudisha nyuma. Akipiga rivasi, tela linakwenda linakotaka. Ofisi ya Mkurugenzi ina kalenda mbili ukutani; moja ni ya kutazama tarehe na nyingine imefunika pale tela lilipogonga. Tangu hapo, kila palipohitaji rivasi, mzee alikumbuka ghafla kukagua tairi, akashuka, na dereva mwingine akamalizia. Akibanwa sana, alisema tela halikuumbwa kurudi nyuma, ndiyo maana huvutwa. Safari moja alikuwa dereva pekee kwenye msafara wa mitambo, na mahali palipopimwa maji palifikika kwa rivasi tu. Akaamuru kisima kichimbwe alipoweza kusimama. Maji yakatoka. Mpaka leo anakiita kisima chake.

Mzee alipokaribia kustaafu alitaka zawadi moja, Bibi. Hakutaka saa ya ukutani wala seti ya vikombe. Mpango wake wa uzeeni ulikuwa kusambaza maji kwa tela kwenye majengo yanayojengwa, na mkewe alikwisha kuongea na waashi wa mtaani kwao. Bila Bibi hakukuwa na mpango mwingine. Mkurugenzi alikubali, lakini Fundi Mkuu, ambaye hajasahau ile handibreki, alimnong'oneza sharti. Likasomwa mbele ya wote: Bibi ni wa mzee iwapo atamtoa getini yeye mwenyewe, pamoja na tela lenye zawadi zake, la sivyo anakwenda mnadani. Siku ya sherehe tukamkuta Bibi ameegeshwa, pua ukutani, tela nyuma yake, na geti nyuma ya tela.

Hotuba zilikuwa fupi kwa sababu hakuna aliyezisikiliza. Mzee akapanda, mkewe akakaa pembeni yake, mkoba mapajani. Rivasi ya kwanza, tela likakunja kuelekea kwenye maua ya dada wa mapokezi. Ya pili, likakunja upande wa pili. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ya tatu, Bibi na tela nusura wapigane vichwa, na hapo kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu shemeji hakuwa anacheka. Alikuwa anautazama ule ukuta kwa macho ya mtu aliyekwisha kuahidi watu maji. Niliona haya, na nadhani sikuwa peke yangu.

Mzee akazima injini, akashuka. Tukajua yamekwisha. Kumbe anafungua kiungo cha tela. Akamwita dereva wa Bwana Harusi ashike hapa, Fundi Mkuu pale, mhasibu asishike popote kwa ajili ya mshono wake. Mimi nilijikuta nimeshika ubavu wa tela kabla sijaamua lolote. Fundi Mkuu alipinga kwa sauti huku anasukuma. Tulilizungusha tela likatazama geti, mzee akamrudisha Bibi peke yake vizuri kabisa, akamgeuza, akampitisha mbele ya tela, na sisi tukalisukuma tela mpaka kwenye kiungo huku akitufokea kuhusu uzito wa pua ya tela unaolalia kiungo. Fundi Mkuu akamgeukia Mkurugenzi, jasho likimtoka, akadai hiyo si kumtoa mwenyewe.

Mkurugenzi akasema, "Yeye ni msimamizi. Amesimamia."

Bibi akapita getini na moshi wake wote, kisha akasimama. Mzee akatoa kichwa dirishani. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kusifu chochote kinachovuta isipokuwa gari moja.

"Nyinyi," alisema, "mna torki kuliko Bwana Harusi."

Akaondoka bila kungoja jibu. Tulisimama pale na mikono yenye vumbi, na mtu yeyote akikuambia hakuguswa, mwambie akuonyeshe viganja.

Mzee wetu, asante kwa visima vyote, pamoja na kile kilichochimbwa ulipoweza kusimama. Banda la magari limekuwa kimya mno na Bwana Harusi hana wa kumsema. Tunakuombea wewe na shemeji uzee mwepesi, wateja wenye shukrani, na viwanja vyenye geti la kuingilia na jingine la kutokea. Ukikikuta chenye geti moja, piga simu. Tutakuja kusukuma.