Nguo Nilizozitia Wanga

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu kaa hapa ubavuni, maana ninalosema linamhusu huyo aliyemo tumboni mwako kuliko yeyote humu chumbani.

Mikono yangu mnaijua. Miaka arobaini nimefua na kupiga pasi nguo za watu, na kila malengelenge yaliponitoka viganjani nililaumu sabuni, nikalaumu pasi ya mkaa, wateja wakanitania, "Dobi, leo umejipiga pasi mwenyewe?" nami nikacheka nao. Ni uongo. Yalinianza nikiwa mchanga, na mama yangu alikuwa nayo miguuni, akaniambia nifunge mdomo nisije nikakosa mume.

Kisha wewe, mwanangu mkubwa, mkeo akajifungua. Nguo za yule mtoto nilizifua mwenyewe, nikazitia wanga, nikazipiga pasi zikakakamaa kama karatasi, kwa sababu nilitaka watu waseme mjukuu wa dobi kavaa. Siku ya pili ngozi ya shingo na kwapa ikafura malengelenge, ikachubuka, ikabaki nyama. Nilijua tangu lengelenge la kwanza. Mkeo akaniuliza kwa upole, "Mama, labda nguo zinamkwaruza?" nami nikamgeuzia kibao mbele ya majirani: "Umemwogesha maji ya moto, mzembe wewe!" Mtoto aliishi siku kumi na moja. Ukamfukuza mkeo kwa neno langu, na hadi leo pale sokoni anapouza vitunguu wanamwita Maji Moto.

Msinililie. Machozi yenu hayanisaidii kitu. Wewe kitinda mimba, nyayo zako nimeziona unavyozificha kwenye soksi, usinidanganye ni viatu. Kesho nenda kliniki, uvue soksi mbele ya daktari, useme ugonjwa huu wa ngozi tunazaliwa nao, umetoka kwa mama. Mtoto akizaliwa asibandikwe plasta, asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa. Abebwe kwa mkono mzima chini ya mgongo.

Chumba cha mbele, chenye meza ya pasi, ni cha yule mkeo uliyemfukuza, mwanangu mkubwa. Nampa mimi, asije akakushukuru wewe. Nendeni sokoni mchana, watu wakiwa wamejaa, mseme kwa sauti: mama yetu alidanganya. Asiponisamehe, msimsihi. Ana haki.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Sandukuni kuna nguo za mtoto, zilezile. Nimezifua mara tatu wanga utoke, nimezigeuza mishono ikae nje, isimkwaruze huyo ajaye. Avishwe hivyohivyo... watu wacheke wakitaka.

Mungu awalinde, wanangu... amlinde huyo mdogo, amjalie watu wa kumsemea ukweli. Mimi nimechoka. Na hata nikishafumba macho, mikono yangu... msiifunike. Mngojeni yule niliyemsingizia aje. Aione.