Kapteni Anashuka Kutoka Chumba cha Mashine

Mniwie radhi kwanza. Maneno haya yalitakiwa kuwa kwenye jarida la ukumbi wetu la mwezi uliopita, lakini mwanangu anaota meno, na kila nikiketi kuandika anakumbuka kulia. Sasa amelala, basi niseme upesi.

Fundi wetu wa mashine ya sinema, tunayemwita Kapteni, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianza kwa kufagia ukumbi. Mwaka wa pili, fundi wa zamani alipougua macho, akapandishwa juu kwenye chumba cha mashine, na huko ndiko alikobaki. Amefundisha mafundi sita. Mimi, niliyekuwa mkata tiketi, ni wa saba na kitinda mimba.

Jina la Kapteni alilipata kwa filamu moja, ile ya ndege iliyotekwa, anayoionyesha kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na tisa sasa. Uongozi ulijaribu mara mbili kuiondoa, ukisema ni hadithi nyepesi mno. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Ndege moja, mwovu mmoja, mafuta yanakwisha. Mnataka nini tena?"

Nami nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Mpaka siku nilipopanda kule juu kumnyonyesha mtoto, filamu ikiwa katikati. Ukumbi kimya, nikadhani watu wamejiendea zao. Nikachungulia kidirishani. Viti mia nne vimejaa, na hakuna anayepumua. Kwenye skrini rubani msaidizi alikuwa ameshika kitasa cha mlango, basi. Kapteni hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akiwatazama wao.

Kosa lake kubwa hulisimulia mwenyewe. Mwaka ambao mama watoto wake alilazwa, alitoka hospitali moja kwa moja hadi kazini, akaweka mkanda wa tano kabla ya wa nne. Mtekaji aliyekuwa na bastola mkononi ghafla akaonekana chini uwanjani, na pingu mikononi. Mama mmoja akapaza sauti: "Kapteni, nani kamkamata? Hebu turudishe ndani ya ndege!"

Akawasha taa, akashuka, akaomba msamaha mbele ya watu wote. Akasema anayetaka kuondoka aondoke. Hakunyanyuka hata mmoja. Mwisho walishauona, pingu walishaziona, lakini mkanda wa nne ulipoanza wakashika pumzi upya, kama hawajui lolote. Jambo hilo nimelifikiria mara nyingi, chupa ya maziwa mkononi, na bado linanizidi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao nitaionyesha filamu hiyo peke yangu. Uongozi umesema wazi: mkanda ukikatika mbele ya watu, mashine ya zamani na filamu yake vinakwenda stoo. Sioni haya kusema naogopa. Lakini havitakwenda stoo.

Kapteni, ahsante kwa subira na kwa mikono isiyotetemeka. Miguu yako ipumzike, macho yako yashibe mchana, na mama watoto achelewe kukuchoka.

Ila kabla hujapumzika, bado hujanipa: ufunguo wa kabati la mikanda, lenzi uliyokwenda kuifuta nyumbani, utepe wa kuungia mkanda uliokatika, roli mbili tupu za kuzungushia mkanda, daftari la sehemu zinazopenda kukatika, na namba ya simu, ile unayopokea kweli, kwa Jumamosi hiyo saa tisa alasiri.